Njia ya Kwenda kwa Mama

Mama alianguka kwenye kizingiti cha baraza lake usiku wa kuamkia tarehe 19 ya Ramadhani, baada ya daku, akiwa ameshika birika la kutawadhia. Hakuvunjika. Lakini alikaa pale chini kwenye saruji karibu nusu saa akituita, na sisi wa nyumba kubwa hatukumsikia kwa sababu feni zote zilikuwa zinavuma. Aliyemsikia ni jirani wa nyuma, aliyekuwa akitoka kwenda msikitini. Tangu alfajiri ile sikupata tena usingizi wa kushiba.

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, na imekaa kama nyumba nyingi za huku: nyumba kubwa mbele, ua katikati, banda la uani nyuma. Baba alikuwa nahodha wa jahazi, na alipofariki mama alihamia banda la uani kwa hiari yake. Alisema mbele kuna kelele za wajukuu na nyuma kunapita upepo. Baada ya kuanguka tulimwomba arudi mbele, akakataa. Tukamwomba akubali msichana wa kulala naye, akakataa. Mume wangu ndiye aliyetaja kamera. Nilidhani hapo mama atakasirika kabisa, kumbe alinyamaza kidogo, akakunja kanga yake magotini, akasema atakubali kwa masharti.

Kamera ikae barazani, isikae chumbani. Picha yake isitoke nje ya ua huu, isiende kwa kampuni yoyote wala nchi yoyote. Na isionwe na kila mwenye simu humu ndani, maana wajukuu wana rafiki zao, na rafiki nao wana simu. "Nitazamwe na wewe, mwanangu," alisema. "Wewe peke yako, na uwe na sababu."

Nayataja masharti haya mapema kwa sababu kila fundi niliyemsimulia habari hii baadaye aliniuliza swali lile lile: kwa nini msiunganishe kila kitu kwenye mtandao mmoja mkalala? Au kwa nini msinunue kamera ya kulipia kwa mwezi, unayoitazama popote ulipo? Yote mawili ni rahisi kuliko tulichofanya. Lakini picha za kamera za namna hiyo ya pili hupitia kwenye kompyuta za mwenye kuiuza, na mama alikuwa amekwisha kusema. Sitara yake ndiyo iliyochora ramani ya waya zetu, na sioni kwamba ilikosea.

Sebuleni tulikuwa na ruta moja, ile iliyoletwa na kampuni inayotuuzia intaneti. Waifai yake ilikuwa inakufa kwenye mwarobaini wa katikati ya ua. Mtoto wa kaka yangu, anayesomea kompyuta Dar es Salaam, akatuletea ruta ya pili aliyokuwa ameitumia mwenyewe. "Shangazi, hii iwe ya bibi. Mtandao wake ukae mbali na wenu, na kamera ikae humo humo. Halafu mtaweka njia baina ya ruta na ruta." Akarudi chuoni kwenye mitihani yake. Maneno yale ya mwisho, mtaweka njia, aliyasema kama mtu anavyosema mtafunga mlango.

Mume wangu alinunua waya wa mita 40, akaupitisha ndani ya bomba la plastiki chini ya ua, akabana vichwa vyake pande zote mbili, nyaya nane kwa mpangilio wa rangi. Waya wa namna hii unastahimili hadi mita 100, kwa hiyo umbali haukuwa na neno. Upande mmoja tukauchomeka kwenye ruta ya sebuleni. Upande wa pili tukauchomeka kwenye tundu lenye rangi ya peke yake la ruta ya mama, lile la kupokea intaneti kutoka nje. Ilikuwa Jumamosi, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumekwisha kufukia mtaro.

Simu ya mama iliona waifai mpya, ikajaa alama zote. Haikufungua kitu.

Mume wangu alibadilisha waya. Akabana vichwa upya. Akazima, akawasha, akazima tena. Ilipofika alasiri alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, jasho likimtiririka na saumu mdomoni, na mimi nikampigia simu mpwa wangu. "Shangazi, nisomee namba za ruta ya mbele." Nikamsomea: 192.168.1.1. "Sasa za bibi." Nikamsomea: 192.168.1.1. Alicheka kidogo, kisha akaomba radhi, akanieleza, na maelezo yake nimeyashika mpaka leo.

Kila chombo kwenye mtandao kina anwani ya namba nne. Anwani zote zinazoweza kuandikwa kwa mfumo huo ni kama bilioni 4.3 tu, nazo hazitutoshi. Ndiyo maana mwaka 1996 wahandisi wa intaneti walipitisha waraka unaotenga mafungu matatu kwa matumizi ya ndani: anwani zinazoanza na 10, zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Yeyote anaweza kuzitumia nyumbani kwake bila kuomba ruhusa, mradi zisitembee nje. Watengenezaji wa ruta za nyumbani walilipenda fungu la tatu. Kwa hiyo ruta yetu ya sebuleni ilitoka kiwandani ikiamini kwamba mtaa wake ni 192.168.1 na yenyewe ni nyumba namba 1, na ruta ya mama ilitoka kiwanda kingine na imani hiyo hiyo.

Msomaji wa Tanga ataelewa haraka, maana huku Ngamiani mitaa yetu inaitwa kwa namba. Ukimwambia mwenye bajaji barabara ya 8, anakufikisha. Sasa chukulia barabara mbili zinakutana pembeni, zote mbili zimeandikwa barabara ya 1, na kila moja ina nyumba namba 1 mwanzoni mwake. Ruta ya mama ilikuwa imesimama kwenye pembe hiyo, mbele yake barabara ya 1, nyuma yake barabara ya 1. Ikitafuta lango la kutokea, inaambiwa lango ni nyumba namba 1, na nyumba namba 1 ni yenyewe.

"Ibadilishie bibi mtaa," mpwa wangu alisema. Tukaingia kwenye mipangilio, namba ya tatu ikawa 2. Ruta ya mama sasa ilikuwa 192.168.2.1. Dakika mbili baadaye mama alikuwa anazungumza kwa video na mdogo wake aliyeko Pemba, simu ameishika karibu mno, Pemba nzima ikitazama paji lake la uso.

Usiku huo, baada ya tarawehe, tulifunga kamera. Tuliipa anwani isiyobadilika, 192.168.2.10. Tableti ya jikoni, ambayo ndiyo ingekuwa jicho langu, tuliifungia anwani yake kwenye ruta ya sebuleni: 192.168.1.20. Nilisimama barazani kwa mama na simu yangu kwenye waifai yake, nikaandika anwani ya kamera, nikaona baraza safi kabisa. Nikavuka ua hatua arobaini, nikaingia jikoni, nikaandika anwani ile ile kwenye tableti. Duara likazunguka, likazunguka, hatimaye pakaandikwa kwamba ukurasa haufikiki.

Hapo nilijifunza kupiga pingi.

Pingi ni amri ndogo ya kompyuta. Unaiambia anwani, yenyewe inatuma kifurushi kidogo cha kusema "upo?", na aliyepo anarudisha "nipo", kisha unaonyeshwa safari ilichukua muda gani. Aliyeiandika ni Mmarekani, Mike Muuss, mwezi Desemba mwaka 1983, akihangaika na mtandao uliokuwa unamsumbua kazini. Jina alilichukua kwenye mlio wa sonari, ile mitambo ya melini inayopiga sauti majini na kusubiri mwangwi. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka baba na bildi yake. Jahazi likikaribia fungu la mchanga, mtu alisimama omoni akatupa bildi, kipande cha risasi kwenye kamba, akahesabu pima. Bildi ikigusa, unajua maji yako. Isipogusa, unajua pia. Usichoweza ni kukisia.

Nikatupa bildi yangu kwenda 192.168.2.10. Mara nne. Mara nne nikajibiwa kwamba muda umekwisha.

Mpwa wangu akanipa amri nyingine, ya kufuatilia njia. Hii hutuma kifurushi chenye ruhusa ya hatua moja, kisha chenye ruhusa ya hatua mbili, kisha tatu, na kila ruta ambayo ruhusa inaishia mikononi mwake hurudisha taarifa kwamba kimefia hapa. Unapata orodha ya vituo. Mstari wa kwanza ulikuwa ruta yetu ya sebuleni, sawa. Mstari wa pili ulikuwa anwani nisiyoijua, inayoanza na 100.64. Nikamsomea. Akasema, "Hiyo ni ya kampuni inayowauzia intaneti, shangazi. Kifurushi kimetoka nje ya nyumba." Baada ya hapo zilikuwa nyota tupu mpaka mwisho.

Niliduwaa. Mama yupo hatua arobaini nyuma yangu. Kifurushi changu cha kumuulizia kilikuwa kimetoka mlango wa mbele, kimepita barabarani, kimefika kwa watu wasiomjua, kimepotea huko. Na ruta ya sebuleni haikufanya kosa lolote. Ruta inaijua mitaa inayoigusa na ile iliyoelezwa, basi. Mtaa wowote mwingine inautupia lango kuu, ikidhani walioko nje wanajua zaidi. Hakuna aliyekuwa ameiambia kwamba mtaa wa 192.168.2 upo humu humu uani.

Tukaiambia. Kwenye mipangilio ya ruta ya sebuleni tulipata ukurasa wa njia za kudumu, ambao si ruta zote za nyumbani zilizo nao. Tukaandika: kwenda 192.168.2.0, kwa kipimo cha 255.255.255.0, pitia 192.168.1.2. Hiyo ya mwisho ndiyo anwani ambayo ruta ya sebuleni ilikuwa imeipa ruta ya mama kwa upande wa mbele. Ruta iliyo kati ya mitaa miwili ina anwani mbili, moja kila mtaa, na ukitaka kuwafikia walio nyuma yake unataja ile ya upande wako. Sentensi hiyo ilinichukua siku mbili kuielewa, na naamini ndiyo inayowaangusha wengi. Mume wangu kwanza aliandika 192.168.2.1, anwani ya ndani ya mama, na ruta ikakataa kuhifadhi. Ilikuwa na haki. Huwezi kumwelekeza mtu kwamba ili ufike mtaa wa 2, anzia ndani ya mtaa wa 2.

Nikafuatilia njia tena. Mstari wa kwanza, sebuleni. Mstari wa pili, nyota. Kifurushi hakikutoka nje tena. Lakini hakikufika.

Ilikuwa tarehe 25, na mume wangu alitaka tuache mpaka baada ya Idi. Mimi sikutaka, maana kila alfajiri nilikuwa nalala nusu, sikio moja uani. Nilimwambia kifurushi kimefika mlangoni kwa mama na hakuna anayekifungulia. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nimesema sawasawa.

Ruta ya mama ilikuwa inafanya kazi iitwayo NAT. Kila kinachotoka kwake kinavalishwa anwani ya ruta yenyewe, ruta inaandika kumbukumbu kwamba fulani ametoka, na jibu likirudi linaingizwa kwa kumbukumbu hiyo. Anayebisha kutoka mbele bila kuitwa hana kumbukumbu, na ulinzi wa ruta, faiwoli, unamwacha nje bila hata kumwambia hapana. Ndiyo sababu simu ya mama iliweza kufungua printa yetu ya sebuleni kwa anwani yake siku zote hizo, na sisi hatukuweza kufungua chochote chake. Kwa ruta ile, walioko upande wa mbele wote ni wageni, tukiwemo sisi wenye nyumba. Na hapa nataka kumwonya mwenye kuweka wapangaji nyuma ya ruta ya pili akidhani amewatenga na vitu vyake: waliopo nyuma wanaweza kuja mbele. Aliyefungiwa nje ni yeye.

Tulizima NAT kwenye ruta ya mama, kwa kuwa sasa ruta ya sebuleni ilikuwa inaujua mtaa wa 2 na iliweza yenyewe kuufanyia kazi ya kutoka nje. Ruta nyingine za kampuni haziwezi, huhudumia mtaa wao tu, na mwenye hiyo angelazimika kuirudisha NAT na kufungua tundu moja tu la kuifikia kamera. Yetu iliweza. Kisha tukaandika amri mbili kwenye faiwoli ya mama: anayetoka 192.168.1.20 aruhusiwe kwenda kwa kamera, wengine wote wa mbele wazuiwe; na kamera yenyewe isitoke kwenda intaneti kabisa. Nilimsomea mama zote mbili kwa sauti kabla ya kubonyeza kuhifadhi. Akauliza, "Hiyo ishirini ni wewe?" Nikamwambia ni tableti ya jikoni, nami ndiye mwenye nayo. Akasema bismillahi.

Usiku wa tarehe 26, saa nne na robo, nilifungua tableti jikoni na baraza la mama likatokea. Mkeka, birika, ndala zake mbili zikiwa zimeelekea mlangoni. Nilikaa nikazitazama ndala zile mpaka mume wangu akaja kuniuliza kama nalia.

Siku nne zilipita hivyo. Nilikuwa namwona akitoka kwenda kutawadha, akishika ukuta, akivuka kizingiti, na nikimaliza kumwona anavuka ninageuza tableti uso chini.

Mkesha wa Idi umeme ulikatika. Dada yangu mkubwa alikuwa ameingia jioni ile kutoka Muheza na watoto wake, tukala kwa taa za kuchaji, na umeme ukarudi karibu na saa sita usiku, tukashangilia, tukalala. Asubuhi ya Idi tableti haikuonyesha kitu. Hilo ningelivumilia. Lakini mama alikuwa amevaa gauni lake jipya, amejitanda, amekaa barazani na simu mkononi akimngoja mdogo wake wa Pemba, kama wanavyofanya kila Idi, na simu yake ikawa inasema hakuna mtandao. Sebuleni watoto wote wana intaneti. Uani hakuna.

Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na sita, na ni yeye tu miongoni mwa watoto aliyeijua nywila ya ruta. Nilimwita. Mbele ya dada yangu, mbele ya watoto wa Muheza, mbele ya wageni wawili waliokuja na sahani ya tambi, nilimuuliza amegusa nini. Akasema hajagusa. Nikamwambia vitu havijibadilishi vyenyewe. Akasema tena hajagusa, na machozi yakamlenga, na nikaendelea. Nayaandika haya kwa sababu yalitokea, na kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Nikaenda kwa mama na kompyuta. Nikapiga pingi kwenda 192.168.2.1, ruta yake mwenyewe, ikajibu. Nikapiga kwenda 192.168.1.1, sebuleni, kimya. Nikafungua ukurasa wa ruta ya mama, na hapo nikachanganyikiwa kabisa, kwa sababu iliandika kwamba imeunganishwa, intaneti ipo. Nikaiamuru yenyewe ipige pingi sebuleni, ikapiga, na majibu yakarudi yote. Ruta ina njia na aliye nyuma yake hana. Mlango unaona barabara, mwenye nyumba haioni.

Mama alikuwa ananitazama. Akaniuliza kama salamu zake zimefika Pemba. Nikamwambia nadhani zinatoka, ila hakuna kinachorudi. Akasema, akiwa hanitazami mimi bali simu, "Baba yako akiondoka na jahazi watu walikuja kunipa habari, ameondoka, ameondoka. Kuondoka mimi nilikuona mwenyewe. Nilikuwa natafuta aliyemwona anarudi."

Sikuwa na jibu la kumpa. Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yangu mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Akasema polepole, "Mama, ruta ya mbele inarudisha vitu vya bibi kwa nani?"

Tukaenda sebuleni pamoja. Akafungua orodha ya vyombo vilivyounganishwa. Aliipitisha kidole, akafika kwenye 192.168.1.2, akasoma jina la chombo, akanyanyua kichwa akamtazama mama yake mkubwa wa Muheza. Ilikuwa simu ya dada yangu.

Umeme ulipokatika, ruta ya sebuleni ilisahau imempa nani anwani gani, kama ruta nyingi za bei ndogo zinavyosahau. Umeme uliporudi, iliwahi kuamka. Simu ya dada yangu, mgeni asiye na anwani ya zamani kwetu, ikaomba, ikapewa ya kwanza iliyokuwa wazi: namba 2. Ruta ya mama, nzito kuamka, ilikuja baadaye, ikakuta mahali pake pana mtu, ikapewa namba 7. Na ile njia ya kudumu tuliyoiandika kwa mikono yetu haikusahau kitu. Iliendelea kusema kila kinachokwenda mtaa wa mama kipitie namba 2. Kwa hiyo kila kilichotoka Pemba au jikoni kwenda kwa mama kilifika sebuleni salama, kisha kikapelekwa kwenye simu iliyokuwa chini ya mto wa dada yangu, nayo, kwa kuwa si ruta, ikakitupa. Zilizotoka uani zilikuwa zinakwenda vizuri muda wote. Na ruta ya mama ilipopiga pingi yenyewe ilijibiwa kwa sababu iliuliza kwa anwani yake ya mbele, namba 7, ambayo sebuleni inajulikana bila kuhitaji njia yoyote.

Nilikuwa nimeifungia anwani tableti yangu, nikaifungia kamera, nikaisahau ruta iliyo katikati yao, ambayo vyote viwili vinaitegemea.

Nilimwomba mwanangu radhi pale pale, mbele ya wale wale niliomgombeza mbele yao. Dada yangu alitaka kuizima simu yake kwa aibu, tukamzuia, haikuwa na hatia. Kijana ndiye aliyerekebisha, mimi nikashika karatasi tu. Aliisukuma mbele hazina ya anwani ambazo ruta ya sebuleni inagawa, ianzie 100 na kuishia 200, ili namba za chini zibaki za vitu vya kudumu. Akaandika kwenye ruta ya mama kwamba upande wake wa mbele ni 192.168.1.2, haiombi tena kwa mtu, lango lake 192.168.1.1. Akaziwasha upya zote mbili. Kisha akazichomoa kwenye umeme kwa makusudi, akahesabu mpaka thelathini, akazirudisha, akatuma pingi kutoka uani kwenda sebuleni, halafu kutoka jikoni kwenda uani. Akafanya hivyo mara tatu. Mara zote nne nne zilikwenda, nne nne zikarudi. Saa tano na nusu mama alikuwa anaimbiana Idi na mdogo wake.

Siku hizi pembeni ya friji kuna karatasi kwenye mfuko wa plastiki, mwandiko wa mwanangu, herufi kubwa. Ruta ya mbele, 1.1. Ruta ya bibi, kwa mbele 1.2, kwa ndani 2.1. Tableti ya mama, 1.20. Kamera, 2.10. Njia: kwenda mtaa wa 2, pitia 1.2. Tarehe ya siku aliyoandika iko chini, na mpwa wangu alipokuja likizo aliisoma akaipiga picha aende nayo.

Mstari wa mwisho uliongezwa wiki iliyofuata. Mama alikuja mwenyewe jikoni, akaomba asomewe karatasi yote, akasikiliza, akamwambia mjukuu wake aandike: kamera hufunikwa baada ya Isha, hufunuliwa kabla ya daku au alfajiri.

Usiku ule nilifungua tableti, picha ilikuwa giza, na ukingoni palionekana pindo la kanga, jekundu na jeupe. Nilipiga pingi kwenda 192.168.2.10. Nne zilikwenda, nne zikarudi, kila moja kwa milisekunde 3. Nikaigeuza tableti uso chini, nikaenda kulala.